MAILI 444 KWA MWENDO WA BIBI HARUSI

WATOTO wa mjini wenzangu, tabia zetu nazijua. Tukisikia safari, swali la kwanza ni basi gani linakimbia. Dereva akienda taratibu tunaanza kelele huko nyuma: "Suka vipi, umebeba maiti?" Na mimi ni mmoja wenu, tena mpiga kelele namba moja. Lakini Aprili 2019 nilisafiri kilometa 715, umbali wa kama Dar kwenda Singida, na nilitumia siku nne. Gari lilikuwa zima, barabara ilikuwa ya lami safi, na hakuna aliyetuzuia popote. Tuliamua tu.

Mambo yalianza hivi. Kazini walinipeleka semina ya wiki mbili huko Nashville, jimbo la Tennessee, Marekani. Nashville ndiko anakoishi Anko, mdogo wake mama, aliyeondoka Muheza mwaka 1997 akisema anakwenda miaka mitatu tu. Miaka ikawa ishirini na mbili. Makaratasi yake yalikuwa sawa na kazi alikuwa nayo ya kuendesha lori la masafa marefu, ila nyumbani hakuwa amekanyaga hata mara moja.

Semina ilipoisha Anko alinichukua hotelini, akanipeleka uwanja fulani wa magari na kunionyesha kitu kama basi dogo jeupe. Ndani kuna vitanda viwili, jiko la gesi, friji, meza, bafu la ukubwa wa kabati la nguo, na choo. Ni gari na ni nyumba. Wastaafu wa Kimarekani hukodi magari hayo wakazunguka nchi nzima, wanapika humohumo na kulala humohumo.

"Anko, tunahama?" nikamuuliza.

"Tunakwenda kutembea. Mwezi ujao naacha lori. Nataka nipite barabara moja ambayo sijawahi kuruhusiwa kupita."

BARABARA ISIYOTAKA MALORI

Barabara yenyewe inaitwa Natchez Trace Parkway. Inaanzia mji wa Natchez, kando ya mto Mississippi, inapita jimbo la Mississippi, inakata kona ya Alabama, na inaishia karibu na Nashville. Ni maili 444, kila maili ina kinguzo chake pembeni. Ni mali ya Idara ya Hifadhi za Taifa, kwa hiyo ni mbuga iliyonyooshwa ikawa barabara. Magari ya biashara ni marufuku. Mwendo wa juu kabisa ni maili 50 kwa saa, yaani kilometa 80, na sehemu nyingine ni chini ya hapo. Njiani hakuna bango la soda, duka, kituo cha mafuta wala taa za kuongozea magari. Ukiishiwa mafuta unatoka barabara ya pembeni, unajaza, unarudi.

Sasa fikiria mtu aliyeendesha lori kwenye majimbo 48. Kila akipita Jackson au Tupelo na mzigo wake anaona kibao cha Natchez Trace, na kila siku anapitiliza kwa sababu hairuhusiwi. "Kama kupita nje ya ukumbi unasikia muziki na kiingilio huna," alisema.

Tukashuka kwanza hadi Natchez kwa barabara kuu zile pana, kupitia Memphis. Anko alikanyaga kama kawaida yake, sahani zikawa zinalia kabatini. Tulifika usiku. Kesho yake asubuhi ndiyo tukaanza safari halisi, kutoka nguzo namba sifuri kurudi Nashville.

Nami mfukoni, msomaji wangu, nilikuwa na kitu. Kabla sijaondoka nilikuwa nimekwenda Muheza kumuaga bibi, mama yake Anko, umri miaka 84. Alinipa ujumbe nimpelekee mwanawe. Ujumbe ni mfupi, lakini ulinipa tabu kuutoa, na sababu nitaisema mbele.

MWANA WA MFALME WA NATCHEZ

Natchez ni mji mzuri kwa macho. Uko juu ya genge refu, chini yake mto Mississippi unapita mpana na wa rangi ya tope. Yako majumba ya nguzo nyeupe yaliyojengwa kwa utajiri wa pamba. Na pamba maana yake ni watumwa. Pembeni ya mji kuna njia panda inayoitwa Forks of the Road, ambapo palikuwa na soko la watumwa lililokuwa la pili kwa ukubwa kwenye majimbo yale ya Kusini, nyuma ya New Orleans. Lilidumu hadi mwaka 1863. Tulikuta uwanja wa majani, vibao vya maelezo, na pingu za chuma zilizozamishwa kwenye zege. Magari yanapita, watu wanakwenda kazini. Aliyewahi kusimama Bagamoyo anaijua hali hiyo: mahali pametulia sana, na ndiyo maana panatisha.

Hapo Anko ndiye aliyenihadithia habari za Abdulrahman Ibrahim, mwana wa mtawala wa Futa Jallon, nchi ambayo leo ni Guinea. Alitekwa vitani mwaka 1788 na kuuzwa hadi Natchez. Alikuwa msomi, anaandika Kiarabu, amewahi kuongoza jeshi, akaishia kulima pamba. Takribani miaka 20 baadaye akauza mboga sokoni na kukutana na daktari mzungu ambaye zamani aliugua kule Futa Jallon na kutunzwa nyumbani kwa baba yake. Daktari akataka kumnunua amwachie huru. Tajiri akakataa. Mwaka 1826 Ibrahim akaandika barua kwa Kiarabu, barua ikafika Morocco, Sultani akamwombea, na serikali ya Rais John Quincy Adams ikaingilia kati. Mwaka 1828 akaachiwa, baada ya miaka 40.

"Akarudi kwao?" nikauliza.

"Hakwenda mara moja. Alizunguka kwanza miji ya Kaskazini kuchangisha pesa za kuwakomboa wanawe. Mwaka 1829 akapanda meli na mke wake, wakafika Monrovia, Liberia. Akaugua. Miezi michache tu, akafa. Futa Jallon hakuiona."

Tukarudi ndani ya gari. Anko akawasha injini, hakusema kitu mpaka nguzo ya kumi.

TARATIBU NDIYO MWENDO

Sasa niwape utamu wa safari, msije mkadhani nilikwenda matanga.

Saa mbili za kwanza kule maili 50 zilikuwa mateso. Mguu wa kulia ulikuwa unanicheza nami siendeshi! Halafu kitu kikabadilika. Ukienda taratibu unaanza kuona. Aprili kule miti ndiyo inachipua, mingine imejaa maua meupe kama imevaa kanzu. Kulungu wanasimama kando wanakutazama. Bata mzinga wa porini wanavuka kwa maringo, na Anko anasimama kabisa, anawapungia mkono. Nilikumbuka barabara yetu inayopita katikati ya Mikumi, malori na mabasi yanavyopita na wanyama wanavyogongwa. Pale ni njia ya kwenda Zambia, malori hayakwepeki. Lakini kupunguza mguu tungeweza.

Tulisimama Emerald Mound, kilima cha udongo cha ekari nane. Hakuna tingatinga lililokifanya. Ni mababu wa watu wa kabila la Natchez waliobeba udongo kwa vikapu, zaidi ya miaka 400 iliyopita, wakajenga mahali pa ibada. Nilipanda juu nikihema, nikaangalia miti chini, nikawaza idadi ya vikapu.

Maili tano mbele iko Mount Locust, nyumba ya mbao ya kama mwaka 1780 iliyokuwa gesti ya wasafiri. Nyuma yake, kwenye njia ya miguu, ni makaburi ya watumwa wa shamba lile. Watu 43, chini ya miti, kwa macho yako hutajua kama ni makaburi. Anko alisoma dua kimya kimya. Sikumuuliza.

Nguzo ya 41 na nusu tuliingia kwenye njia ya asili yenyewe. Imechimbika kuwa kama mfereji mkubwa, kuta za udongo zinakupita kimo, mizizi inaning'inia. Miguu ya watu na kwato za farasi ndizo zilizochimba, maana udongo wa pale ni laini.

Na hao watu walikuwa nani? Hapa ndipo historia iliponinogea. Kwanza walikuwa Wanatchez, Wachoctaw na Wachickasaw. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1800, wakaja mabaharia wa mto. Walitoka kaskazini na mitumbwi mipana iliyojaa nafaka, nyama na tumbaku, wakateremka na maji hadi Natchez au New Orleans. Kurudi juu kwa maji haikuwezekana, mto una nguvu. Basi wanauza mzigo, wanauza na mtumbwi wenyewe kama mbao, halafu wanarudi kwao kwa miguu. Natchez hadi Nashville ni kama siku 35 za kutembea, pesa kiunoni, majambazi vichakani. Meli za mvuke zilipoanza kupanda mto miaka ya 1810, njia ikaanza kufa. Ujenzi wa barabara ya sasa ulianza miaka ya 1930 na kukamilika mwaka 2005. Kwa hiyo msidhani ni kwetu tu mkandarasi huchukua muda.

"Unaona," Anko akasema, "hii ni barabara ya watu wanaorudi nyumbani."

Alisema kama utani. Nilitaka kumpa ujumbe wa bibi palepale. Mdomo ukanikauka.

CHOO, ELVIS NA MAMBO MENGINE

Usiku wa kwanza tulilala kambi ya Jeff Busby, nguzo ya 193. Hakuna kiingilio, hakuna umeme, anayewahi ndiye anayepata nafasi. Jirani zetu walikuwa wazee wawili wa Kizungu na paka wao. Bibi yule alitugongea mlango akatuletea keki ya mahindi, sisi tukawarudishia chapati. Anko anapika chapati kali, nawaambia. Ishirini na mbili majuu na bado zinachambuka.

Siku ya pili, Tupelo. Anko ni mpenzi wa Elvis Presley tangu utoto, basi ikabidi tutoke barabarani tukaone nyumba aliyozaliwa Elvis Januari 1935. Ni kibanda cha vyumba viwili tu. Baba yake alikijenga kwa dola 180 za kukopa. Mfalme wa rock alitoka kwenye nyumba ndogo kuliko gesti za Manzese. Ukiwa huna kitu, usikate tamaa, lakini ujue kuimba.

Hapo Tupelo ndipo nilipolipa gharama ya kulala bure. Kambi za barabara ile hazina mahali pa kumwaga maji machafu, hivyo ilibidi tuingie kambi ya kulipia. Gari-nyumba lina tangi la choo chini, na tangi linajaa. Kuna bomba nene la plastiki, unaunganisha huku na huku, unafungua koki. "Mdogo ndiye anayefanya," Anko akatangaza. Mimi na semina yangu na cheti changu! Nikaunganisha vibaya. Yaliyonipata sitayaandika, gazeti hili linasomwa na watu wakiwa wanakula. Anko alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

UKUTA WA BIBI ALIYERUDI

Siku ya tatu tulivuka mto Tennessee huko Alabama, kwenye daraja lenye urefu wa karibu maili moja. Zamani palikuwa na kivuko cha George Colbert, chifu wa Wachickasaw. Kisha ikaja miaka ya 1830, serikali ikawafukuza Wahindi Wekundu kwenye ardhi zao, ikawapeleka magharibi ng'ambo ya Mississippi. Wengi walikufa njiani.

Kama maili kumi mbele, kando ya barabara, kuna ukuta wa mawe makavu, hauna saruji hata chembe. Aliujenga mzee Tom Hendrix kwa mikono yake kwa zaidi ya miaka 30, hadi ukapita urefu wa maili moja. Alifariki mwaka 2017. Ni kumbukumbu ya bibi wa bibi yake, Te-lah-nay, binti wa kabila la Yuchi aliyepelekwa Oklahoma. Huko akasema mito haiimbi kama mto wa kwao. Akatoroka, akatembea kwa miguu kurudi, miaka mitano. Akafika. Kila jiwe ni hatua yake moja.

Anko alitembea kando ya ukuta ule peke yake. Nilimwacha. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi. Ilikuwa imenyesha asubuhi.

UJUMBE

Usiku ule tulilala kambi ya Meriwether Lewis, nguzo ya 385. Lewis ni yule mpelelezi aliyevuka bara na mwenzake Clark hadi bahari ya Pasifiki na kurudi, 1804 hadi 1806. Oktoba 1809 alikuwa akipita njia hii kwenda Washington, akafia kwenye gesti pale kwa risasi, umri miaka 35. Wengi wa wanahistoria wanaamini alijiua. Juu ya kaburi lake kuna nguzo iliyokatwa kichwa makusudi, alama ya maisha yaliyokatika.

Tuliwasha moto, tukachemsha chai. Nikaona kama si leo, basi tena.

"Anko, bibi amenituma."

Akatulia.

"Amesema: 'Mwambie sitaki kontena, sitaki nyumba. Nataka nimwone sura.'"

Alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Kisha akasema, "Nirudi na nini, mwanangu? Wenzangu wana majumba. Mimi nina msingi Mbezi umeota majani."

Hapo sasa. Msingi ule wa Mbezi ndio uliokuwa umenifunga mdomo siku zote tatu. Anko alituma pesa za nyumba kuanzia mwaka 2004 hadi 2006, na msimamizi alikuwa baba yangu. Msingi ukapanda, ukaishia pale. Nyumbani hakuna anayelitaja jambo hilo, na jina la Anko likitajwa baba hutoka nje. Miaka hiyohiyo mimi nilikuwa sekondari ya kulipia, na kazi ya baba ilikuwa imekwisha. Nilikuwa mkubwa vya kutosha kujumlisha.

"Anko," nikasema, "pesa za Mbezi, mimi nadhani nilizisoma."

Moto ukalia. Aliniangalia muda mrefu.

"Najua," akasema. "Mama yako alinipigia simu mwaka uleule, akilia. Ndiyo maana sikudai. Kilichoniuma ni shemeji kunikimbia. Angesema tu."

"Anaona aibu."

"Na mimi naona aibu. Haya basi, watu wazima wawili, kila mmoja anamwonea aibu mwenzie, na mama anazeeka."

Hatukuongea tena. Sikulala vizuri, ila nililala mwepesi.

MWISHO WA BARABARA

Siku ya nne, nguzo ya 438, tulisimama kwenye daraja la matao mawili lililokamilika mwaka 1994. Liko mita 47 juu ya bonde, na chini inapita barabara namba 96. Anko aliangalia chini, lori likapita, dogo kama kiberiti. "Pale ndipo nilipokuwa," akasema. Maili sita mbele barabara ikaisha, mataa na mabango yakaturudia. Madereva walianza kutupigia honi. Anko aliendelea na maili zake hamsini.

Alikuja Desemba 2019. Aliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege ni baba. Mimi nilikaa kiti cha nyuma na mabegi, wao mbele, na hawakusema kitu hadi Ubungo. Kisha baba akasema, "Shemeji, nisamehe." Anko akajibu, "Angalia barabara, shemeji," akamshika bega. Safari ya Muheza tulikwenda taratibu, mabasi yote yakitupita.

Alikaa wiki sita. Kila asubuhi alikaa kibarazani na bibi, wanakunywa chai, hawana la maana wanaloongea. Januari akarudi Marekani. Machi ikaja korona. Bibi alifariki mwishoni mwa Aprili 2020, wakati ndege za abiria za kimataifa zilikuwa zimesimamishwa Tanzania. Anko alifuata mazishi kwenye simu niliyokuwa nimeishika mimi, mkono ukinitetemeka. Tulipomaliza kufukia aliniambia neno moja tu: "Nilimwahi."

Msingi wa Mbezi sasa una kuta. Baba hununua tofali kidogo kidogo, kila akipata chochote.

Kwa hiyo mwenzangu, kama una ndugu majuu anayesubiri apate kwanza ndipo arudi, mpelekee salamu hizi. Na wewe uliye hapa hapa mjini, ambaye kwenu ni nauli ya basi moja tu, mara ya mwisho umekwenda lini? Ukienda, usimpigie suka kelele. Kaa dirishani.

Tukutane wiki ijayo.